Vidoa vyeupe kwenye tangi la maji chumvi

Mnaofuga samaki wadogo wa baharini hapa Mtwara, vidoa kama punje za chumvi na kuhema haraka ni kimelea. Vikitoweka baada ya siku chache msishangilie: kimeshuka chini kuzaliana, kitarudi kwa wingi.

Hamisha samaki wote kwenye tangi la pembeni, lisilo na mchanga wala mawe (hunyonya dawa). Dawa ya shaba siku 30, pima kiwango chake majini kila siku. Isiguse tangi kuu, inaua kamba na matumbawe! Tangi kuu likae bila samaki zaidi ya miezi miwili.

Maji ya ghuba ya Mikindani, Desemba hadi Aprili, huchanganyika na ya mvua. Chota maji ya tangi bahari ikijaa, upime chumvi: uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi uwe 1.024 hadi 1.026.