Bahasha, pagale na sekunde 120: tulivyotengeneza ufunguzi wa filamu ya aksheni

Kazi yetu ya darasani ilikuwa ufunguzi wa filamu ya aksheni yenye taharuki: dakika mbili, zisizidi, na majina ya waigizaji na watengenezaji yawemo humohumo. Ufunguzi si trela, na hapo wanafunzi wengi huteleza. Trela huchota vipande vitamu vya filamu nzima. Ufunguzi ni tukio moja, mahali pamoja, linalomwacha mtazamaji na swali.

Kaida za aksheni hatukuhitaji kufundishwa. Aliyewahi kulipa kiingilio cha kibanda umiza anazijua: stelingi (mhusika mkuu) hafi mapema, adui hafichuliwi sura, kuna mzigo unaogombewa, muda unayoyoma, gari jeusi, jengo bovu, simu ya mtu asiyejulikana. Tulipoziorodhesha zilifika kumi na moja. Kosa ni kutaka zote ziingie. Kila kaida inakula sekunde. Mzigo usipokaa kwenye fremu kama sekunde 4 mtazamaji haushiki, na adui asiye na sura anataka angalau shoti mbili (vipande vya picha visivyokatwa), la sivyo watu watadhani mpigapicha alikosea kulenga. Tukahesabu sekunde, zikabaki tano: mzigo, adui, muda, jengo bovu na mbio.

Kisha kila moja ikavalishwa nguo za Dar. Mkoba wa chuma ukawa bahasha ya kaki ya A4. Ghala tupu likawa pagale, lenye madirisha yasiyo na nondo na ngazi zisizo na kingo. Adui badala ya gari jeusi akaja na bajaji. Watu hucheka wakisikia, lakini bajaji inatisha ukiipiga kwa kamera iliyo usawa wa goti, taa zimezimwa, injini inanguruma, na fremu ikaonyesha gurudumu la mbele na kiatu kinachoshuka, basi. Ukiionyesha nzima na maandishi yake ya nyuma, umerudi kwenye vichekesho.

Bastola tuliifuta mapema, hata ya plastiki. Na mbio hatukuzipiga barabarani. Kijana anayekimbia Kariakoo huku mwingine akimfuata ataitiwa mwizi kabla kamera haijakaa sawa, na watu hawaulizi. Mbio zote zilifanyika ndani ya pagale, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na mjumbe wa mtaa akijua siku na saa. Tishio la silaha lilibebwa na mkono usiotoka mfukoni, na nadhani ulifanya kazi kuliko bastola ya dukani.

Uamuzi uliobeba filamu nzima ulihusu bahasha. Katika mpangilio wa kwanza, stelingi anakimbia na bahasha asiyojua ina nini, na mwishoni inapasuka: ndani kuna picha ya pasipoti saizi, yake mwenyewe. Mshtuko upo, ila wa sekunde tatu, na dakika nzima iliyotangulia inabaki ya mtu anayekimbia tu. Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alilieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla unapata mshtuko wa sekunde 15, lakini mtazamaji akiliona kabla unapata dakika 15 za taharuki. Basi tukaihamishia picha ile sekunde ya 14. Mkono unaiingiza kwenye bahasha, gundi inalambwa, bahasha inafungwa. Sekunde ya 25 stelingi anaipokea na kushukuru. Shoti zilezile ambazo awali zilikuwa baridi, kama ile anapoipigapiga bahasha kwenye paja akisubiri, sasa zilibana kifua, kwa sababu mtazamaji anajua na yeye hajui.

Muda uliletwa na meseji: "Una dakika tano." Ukipiga kioo cha simu kwa kamera, shusha mwanga wa simu hadi karibu na robo, maana ukiuacha juu maandishi yanageuka doa jeupe. Na muda unaotajwa uwe mrefu kuliko ufunguzi wenyewe, ili usiishe ndani yake.

Tulikuwa na shoti 34. Sekunde 70 za kwanza zilichukua 11 tu, yaani wastani wa sekunde 6 na kidogo kwa shoti. Sekunde 50 za mwisho zilichukua 23, kama sekunde 2 kila moja. Kasi ya aksheni inatokana na tofauti hiyo. Ukikata harakaharaka tangu mwanzo, mbio zikianza huna pa kuongezea.

Katika mbio, mwelekeo ni sheria. Stelingi alikimbia kutoka kushoto kwenda kulia kwenye kila shoti, na adui vilevile. Kamera ikivuka upande wa pili wa njia yao, shoti inayofuata inamwonyesha akirudi alikotoka, na mtazamaji anapotea. Ukilazimika kugeuza, weka katikati shoti ya mtu anayekuja moja kwa moja kwenye kamera. Kasi yenyewe ni ya kudanganya: anayekimbia kuelekea kamera iliyozumiwa kutoka mbali anaonekana kama anakimbia palepale. Mpitishe kando ya fremu, kamera ikiwa chini kama nusu mita kutoka ardhini, na nguzo mbili tatu karibu na lenzi. Nguzo zikipita ndipo jicho linaona kasi. Waigizaji wetu walikimbia robo tatu ya nguvu zao, kwa sababu ya zile ngazi.

Simu ilitosha, mradi kila kitu cha kujiendesha kizimwe: fokasi, mwanga na rangi vyote vikafungwa, rangi kwenye kelvini 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga) ili jioni ibaki na ubluu. Tuliweka fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/50 hubeba mapepeso mawili kamili kila fremu. Ukiiacha kwenye fremu 30 na 1/60, michirizi inatembea ukutani kila taa ya jirani inapoingia kwenye picha. Mwanga mzuri wa jioni hapa ni wa kama dakika 20 baada ya jua kuzama, unakatika kama umezimwa. Kwa hiyo shoti za nje zilifanyiwa mazoezi mchana, zikapigwa nne kwa jioni, jioni tatu.

Sauti ndiyo iliyokula siku zetu nyingi, na ilistahili. Sauti ya kamera ilitumika kama kielelezo tu. Nyayo tulizirekodi upya kwenye karai la kokoto, simu ya pili ikiwa sentimita 15 kutoka kiatuni. Bahasha karibu zaidi. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa pagale lenyewe, uziweke chini ya mandhari yote, vinginevyo kila mkato unasikika kama mlango unaofungwa. Mngurumo mzito wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) ulitikisa spika za darasani ukapotea kabisa kwenye simu, maana spika yake ndogo haitoi sauti nzito hivyo, tukauongezea sauti nyingine ya hezi 180 hivi. Na kabla ya mbio kuanza, kata kila kitu kwa sekunde moja. Muziki hauwezi kufanya kinachofanywa na ukimya ule.

Majina kumi, sekunde 2.5 kila moja, yote ndani ya zile sekunde 70 tulivu isipokuwa la mwisho. Kipimo: lisome jina mara mbili kwa sauti ya kawaida, ukimaliza ndipo liondoke. Herufi nyembamba, zilizoachana, mbali na ukingo kwa asilimia 10. Nyekundu zinazochuruzika ziachie filamu za kutisha. Kampuni hutangulia, waigizaji hufuata, jina la mwongozaji hufunga. La kwetu lilikuja juu ya skrini nyeusi, sekunde ya 117, baada ya mbio kukatwa katikati ya hatua. Picha haipo tena. Inasikika bajaji ikiwashwa.