Faini Mbili za Mkopo Mmoja

Mama alitandaza karatasi ya kaunta mezani, akaweka simu yake ya kabambe juu yake. Karatasi ilidai faini ya shilingi 450 kwa kuchelewesha mkopo. Menyu ya simu ilisema 380. "Sasa vijana, nilipe ya nani?"

Tulikuwa Kawangware, Nairobi, kwenye ofisi ya chama cha akiba na mikopo ambacho mfumo wake wa kompyuta tulikuwa tumeurithi kwa mafundi wengine. Faini ni shilingi 10 kwa siku, mama amechelewa siku 45. Chama kilikuwa kimeamua Jumapili zisihesabiwe, na humo zilikuwamo 7. Kontrola ya simu, yaani sehemu ya programu inayopokea maombi ya mtumiaji, ilirekebishwa, ya kaunta ikasahauliwa. Kila moja ilikuwa na nakala yake ya hesabu.

Nilifungua faili ya kontrola ya malipo: mistari zaidi ya elfu. Inapokea ombi, inakagua namba, inapiga faini, inaandika kwenye hifadhidata, inatuma SMS, na katikati (sijui nani alilaaniwa) inapaka rangi risiti.

Mkubwa wetu wa kazi alichungulia begani kwangu akacheka. "Kontrola ni makanga. Apokee abiria, achukue nauli, agonge bodi. Huyu anaendesha gari na injini anafungua yeye."

Kwa kweli Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyebuni mpangilio wa programu wa modeli (data na kanuni zake), mwonekano (kinachoonyeshwa mtumiaji) na kontrola pale Xerox PARC mwaka 1979, aliiona kontrola kama kiungo kati ya mtumiaji na mfumo. Wavuti iliikuta kazi hiyo na kuipa maombi ya HTTP, yale ambayo kivinjari hutuma kwa seva. Hakuna aliyeituma ijue Jumapili.

Tuliing'oa hesabu ya faini, tukaiweka kwenye klasi moja (kipande cha programu chenye kazi yake) upande wa modeli, ambayo kaunta na simu zote zinaiuliza. Mama akalipa 380.

Ubishi ukabaki kwenye ukaguzi wa maombi. Mimi nilitaka wote uhamie ndani ya modeli. Mkubwa akakataa: namba ya simu yenye herufi irudishwe mlangoni, kontrola inatosha kwa hilo, lakini kama mwanachama ana deni au hana, hilo ni swali la modeli. Tulibishana hadi kwenye matatu ya kurudi mjini, na tulipofika Valley Road nilikuwa nimeshakubali nusu.