Viatu vya Yeronimo

Shangazi keshafika Moshi salama, asanteni mliouliza, na barua ya kuthibitishwa kazini nayo imetoka, lakini kichwa changu bado kipo pale National Gallery ya London mbele ya kile kipicha cha mchoraji Mwitaliano, Antonello da Messina.

Mnajua navyoipenda. Mtakatifu Yeronimo, yule msomi aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, chumbani mwake, ya kama mwaka 1475, rangi ya mafuta juu ya ubao, sm 46 kwa 36 hivi, sinia la chai tu, na bado Antonello kaingiza humo jengo zima kama kanisa, na madirishani mpaka vilima vya mbali unaviona. Nikamwonyesha Shangazi kila kitu, tausi pale kizingitini, Wakristo wa zamani waliamini nyama yake haiozi ndo maana akawa ishara ya uzima wa milele, pembeni yake kwale na beseni la shaba, kofia nyekundu ya kardinali imewekwa nyuma yake wakati Yeronimo kafariki mwaka 420 na hajawahi kuwa kardinali, halafu simba kule gizani kulia, yule wa hadithi aliyetolewa mwiba na Yeronimo. Anaitikia tu, mmh, mmh. Halafu akauliza, "Na viatu?"

Viatu viko chini ya vile vingazi vya kupandia kwenye meza yake. Nikamwambia kavua kama Musa kwenye kichaka kinachowaka moto, maana anaposomea Neno ni mahali patakatifu. Shangazi akanyamaza kidogo. "Musa alivua viatu akamkuta wa kuongea naye. Huyu anaongea na nani, mwanangu?"

Na hakuwa anaangalia picha, alikuwa ananiangalia mimi.

Basi ndo hilo. Kwenye basi nalisikia, nikiosha vyombo nalisikia, anaongea na nani mwanangu. Alikaa kwangu akaona vitabu mpaka chini ya kitanda, akaona simu haiiti jioni, hakusema neno, akaja kulisema pale mbele ya watu. Imeniuma, kwa sababu mimi hiyo meza ndo raha yangu, na nikiangalia uso wa Yeronimo, ule utulivu alivyonyoosha mkono kwenye kitabu, sioni mpweke pale.

Ila jana usiku nikamkumbuka Paula! Mjane tajiri wa Roma, ndo aliyejenga monasteri kule Bethlehemu, yeye na bintiye Eustochium wakajifunza Kiebrania, wakawa wanambana Yeronimo awafafanulie Maandiko mstari kwa mstari, na vitabu vyake kadhaa kaviandika kwa ajili yao. Paula alipofariki mwaka 404 Yeronimo alimwandikia Eustochium barua ndefu ya maombolezo, inaumiza kuisoma. Mtu huyu alikuwa na watu jamani! Antonello kaweka tausi, kwale, simba, hadi paka karibu na vyungu vya maua, Paula hayumo, na wachoraji wengi sana wamefanya hivyohivyo, wanampa simba wanamnyima yule mama. Nimeamka na furaha ya ajabu, nikamrekodia Shangazi voisi noti ndefu, nimemwambia yote, na Jumapili nimealika watu wawili wa kwaya waje kula.

Sasa ule unyevu wa ukutani bafuni umeshuka mpaka kwenye swichi ya taa, mwenye nyumba hajibu meseji tangu Jumanne, na sijui hata kama ni salama kuiwasha.