Nilidhani nimepewa stoo, kumbe ndo nyumba ya Lamu

Hii Lamu nlikuwa nimeiahidi nafsi yangu toka zamani, so nliposhuka boti kutoka Manda (uwanja wa ndege uko kisiwa cha ng'ambo) nlikuwa na mpango kamili, ngome, makumbusho, magofu ya mji wa Takwa, nirudi. Gesti yenyewe niliichukua tu ya kulala, nyumba kuukuu ya mawe ndani ndani huko kwa vichochoro ambapo punda akija na mzigo wewe ndo unajibana ukutani.

Sasa kufunguliwa chumba, eh! Kirefu kama korido lakini upana hata hatua nne sijui kama zinafika, kitanda kimeingia kwa kubahatisha. Nkamwambia yule mzee anayetunza nyumba, mzee wangu, si uniangalizie chumba, hapa mmeniweka stoo bana. Akacheka mpaka akakaa. Akanionyesha dari, "Hesabu boriti kwanza mwanangu."

Kumbe chumba kinapimwa na mti. Boriti ni za mikoko, na juu yake dari ni mawe ya matumbawe na chokaa, uzito si mchezo, so mti ukipita kama mita tatu hivi hauaminiki tena. Urefu jenga unavyotaka, upana mkoko ndo umeamua. Na vile vyumba vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwandani, ule ua wa ndani, mpaka huko mwisho kwenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani, kadiri unavyoingia ndo giza na ubaridi vinaongezeka. Usiku stima ikapotea, feni kimya, na bado nikajifunika shuka.

Ila usiku huohuo nusura nipige kelele. Nimeingia bafuni na tochi ya simu nichote maji kwa kata kwenye birika, lile tangi la maji la kujengwa, naona kitu kinatembea mle majini. Samaki! Wadogo, wako watatu au wanne, wamenitolea macho. Asubuhi mzee ananiambia hao ni askari, wanakula viluwiluwi vya mbu, nyumba za zamani zilikuwa hivyo. Nkawa nachota kwa adabu, pole pole, nisije nkajimwagia askari kichwani.

Toka hapo mpango wangu ukaharibika. Ngome ile iliyomalizwa 1821, ambayo baadaye ikafanywa jela, mimi nimeingia shingo juu natafuta boriti. Makumbusho ya nyumba ya Kiswahili ndo nlichoka kabisa, manake ni chumba changu kilekile, tofauti pale huruhusiwi kulala.

Takwa nlienda siku ya tatu. Huko unafuata maji, yakitoka mkondo wa kwenye mikoko haupitiki na nahodha hasubiri mtu. Mji ulihamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, msikiti bado una nguzo yake juu ya kibla, kuta zimesimama, lakini dari hakuna hata moja. Nkasimama kwenye kijumba kimoja nkapima kwa hatua, ukuta hadi ukuta. Nne kasoro.

Dada yangu juzi kaniomba picha za ngome. Nimeangalia kwa simu, nimemtumia dari kumi na saba na samaki mmoja, tena kaungua na flashi.