Kisanduku cha Tatu

Mwaka 2018 nilikuwa nikikusanya data Mombasa. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kwenda Nairobi, ilikuwa imetimiza mwaka tangu ianze kupakia abiria kituo cha Miritini, na wasomi walitaka kujua mji unageuka vipi. Timu ilikuwa ya mchanganyiko: mchumi kutoka Ulaya, mwanahistoria wetu wa hapa Pwani, na mhandisi wa uchukuzi niliyemwona mara mbili tu. Pesa zilipitia kwa mchumi. Dodoso pia lilitoka kwake.

Tafsiri yake ilifanyiwa mbali. Neno "kaya" peke yake lilinitoa jasho. Kule Likoni mzee mmoja wa Kidigo alinikazia macho: "Kaya yetu ni Kinondo, huko Kwale. Wewe waitakiani?" Ikabidi nimweleze kwamba nauliza watu wanaokula chungu kimoja, si msitu mtakatifu wa wazee. Tangu siku hiyo nikawa nasema "watu wa nyumba hii", na sikumwambia mkubwa yeyote.

Lililonishinda ni swali la nyumba: unaimiliki au umepanga? Visanduku viwili, na usipobonyeza kimoja tableti haikupeleki mbele. Mtaa wa Majengo nilimkuta nyanya mmoja barazani akipepeta mchele.

"Nyumba niliijenga na marehemu mume wangu," akasema.

"Kwa hivyo ni yako, nyanya."

"Yuu pangu. Tini kuna mwenyewe. Kila mwezi yuwatuma mtu kuja kutwaa kodi ya kiwanja."

Kwa Mombasa hilo si geni. Mtu ana kuta, ana mabati, pengine ana hata wapangaji vyumbani, na udongo ni wa mwingine. Ukifuata mizizi yake utafika kwenye sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyotaka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai ya ardhi zao. Waliojua njia ya ofisini walipata hati; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya mkoloni. Nyanya hakutaja sheria yoyote. Alisema tu kwamba mwenye kiwanja akiamka vibaya, wao watabeba mabati yao waende.

Nikabonyeza "anamiliki". Tulilipwa kwa fomu, na magharibi ilikuwa yaingia.

Baada ya wiki kadhaa tukaitwa mkutanoni, ukumbi wa kukodi huko Tudor. Mchumi akatuonyesha mchoro: Majengo wamejaa wenye nyumba, Likoni wamejaa wapangaji. Likoni, akasema, ni watu wa kuhamahama wakifuata kazi za ng'ambo ya feri. Mwanahistoria akaruka: hapana, hayo ni makovu ya mashamba ya zamani na wenye ardhi wasioonekana. Wakavutana karibu saa nzima, kwa Kiingereza, kila mmoja akimtolea mwenzake nadharia ya fani yake. Sisi wakusanyaji tulikaa nyuma, karibu na chupa ya chai na sahani ya mahamri.

Nikamnong'oneza mwenzangu wa Likoni: "Wale wa nyumba bila ardhi uliwatia wapi?"

"Kwa wapangaji. Si walipa kodi?"

Hamri likanikwama kooni. Tofauti waliyokuwa wakiigombania, sehemu yake kubwa ilikuwa mimi na yeye.

Nikanyanyua mkono nikasema. Pakawa kimya, feni tu ndiyo iliyosikika. Mchumi alikunja uso, kisha akauliza ni fomu ngapi, akaandika. Hapo nampa haki yake. Aliyenishangaza ni mwanahistoria, niliyemdhania wetu. Alinishika ngazini: "Mwanangu, jambo kama lile ungeniletea mimi kwanza." Nikaona alilitaka liwe fimbo yake. Pengine namwonea, miezi mizima alikuwa akiomba watu waachwe wajieleze, akijibiwa kwamba hakuna bajeti ya maongezi marefu.

Kisanduku cha tatu kikaongezwa, tukarudishwa mitaani kwa nusu ya malipo. Katika ripoti kuna aya nzuri kuhusu marekebisho hayo. Imeandikwa kuwa "timu iligundua". Sisi tumeshukuriwa mwishoni, kwa jumla, bila majina.

Nyanya nilimkuta baraza ile ile.

"Wamenituma tena, nyanya."

"Kwani mwenyewe amenipa kiwanja?"

"La. Wameongeza mahali pa kuandika kwamba nyumba ni yako na ardhi si yako."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Haya, bonyeza," akasema. "Kisha nambie, kodi ya mwezi ujao n'lipe kwa yuyo huyo?"