Caravan yenye namba ya usajili inayosomeka kinyume

Kijana mmoja wa Tanga, mpenzi wa simuleta za ndege kama mimi, alinitumia modeli ya Cessna 208B Grand Caravan, ndege ndogo ya propela moja, aliyoiunda mwenyewe kwa Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D. Rangi kaipaka vizuri mno, mistari ya bluu imenyooka kutoka puani hadi mkiani. Ila ubavu wa kulia namba ya usajili inasomeka kinyume. Ile H ya 5H, alama inayoanza namba za ndege za Tanzania, haikuonyesha kitu, maana H hata kwenye kioo ni H ileile. Iliyofichua kosa ni 5, imegeuka ikafanana na 2. Ukitaka kujaribu tekscha, yaani picha inayovalishwa modeli, andika F au R ubavuni. A, H, M na T zitakudanganya.

Alikuwa ameshapaka na kupaka tena, na bado. Kupaka hakuwezi kumsaidia, kwa sababu mbavu zote mbili zinasoma sehemu ileile ya picha. Aliunda nusu ya kushoto, akaiachia Mirror, zana ya Blender inayonakili kama kioo, itengeneze nusu ya kulia, na hiyo ya kulia ikarithi ramani ya UV ya mwenzake, yaani ramani inayoonyesha kila uso wa modeli unasoma sehemu gani ya picha. Chochote utakachoandika kushoto kitatokea kulia kimegeuka.

Na kwa ndege hii, herufi ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Caravan haina mbavu zinazofanana. Bomba la moshi liko kulia, chini ya pua, na masizi yake huelekea nyuma upande huohuo. Mlango mkubwa wa mizigo uko kushoto. Mlango wa abiria wenye ngazi uko kulia, nyuma. Watu wanaopanda ndege hizi kwenda Zanzibar au Mafia wameyaona haya kwa macho yao. Mimi nataka mfanyakazi wa uwanja wa ndege akiiona modeli aseme, “Hii ndiyo yenyewe,” na nusu iliyonakiliwa haifiki hapo.

Tiba yake ni hii. Kwenye Mirror bonyeza Apply, nusu ya kulia ijitegemee. Chagua nyuso zote za ubavu wa kulia, nenda kwenye dirisha la UV, uzivute zitoke juu ya zile za kushoto uziweke mahali patupu. Kisha bonyeza S, X, -1 na Enter, pua itazame kulia. Kuanzia hapo unaandika namba kawaida na inasomeka kawaida.

Mahali patupu ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa picha imejaa viti, magurudumu na dashibodi. Viondoe uvipe picha yao ndogo. Caravan ina urefu wa mita 12.68. Kiwiliwili kikitandazwa upana wote wa picha ya pikseli 4096, kila mita inapata pikseli kama 323, yaani pikseli moja ni takriban milimita 3. Kiambatisho cha 7 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka herufi za ubavuni ziwe na kimo kisichopungua sentimita 30, kwa hiyo unapata pikseli 97 hivi za kuchorea herufi. Kwenye picha ya 1024 zinabaki 24, na herufi inatoka na ukungu hata uwe fundi namna gani.

Puani kulikuwa na shida nyingine. Alikuwa ameikandamiza ramani yote kutoka ubavuni, na pale juu ya injini, bati linapogeukia angani, rangi imevutika kama mpira. Kwa hili weka picha ya miraba ya Color Grid kabla ya kupaka chochote. Mraba ukiwa mrefu, hapo ramani imevutika. Dirisha la UV nalo linaweza kuonyesha mvutiko kwa rangi: bluu ni salama, nyekundu ni balaa. Dawa ni kukata mishono, yaani mistari ambapo ramani inapasuliwa, na kuitandaza ramani upya, na mshono ufichwe kama fundi cherehani anavyouficha kwapani. Caravan yake imefungwa lile sanduku la mizigo tumboni, basi mshono mkuu nimeupitisha tumboni, juu ya sanduku. Hakuna jicho litakalofika.

Kulikuwa pia na mstari mweupe unaoonekana ndege ikiwa mbali na kutoweka ukiikaribia. Simuleta hutumia nakala ndogo za picha kadiri ndege inavyokwenda mbali, kila moja ikiwa nusu ya iliyotangulia kwa upana na kimo, na rangi ya usuli inavuja kuingia kwenye mshono. Ipitishe rangi nje ya mpaka wa kila kipande. Ukiacha pikseli 16, kwenye nakala ya 2048 zinabaki 8, na ukifika 256 inabaki 1, ambayo bado inaziba.

Kama tekscha nzima imekaa juu chini baada ya kuihamishia simuleta nyingine, usipapase ramani. Mifumo ya kuchora picha kwenye kompyuta hutofautiana: OpenGL huhesabu picha kuanzia chini, DirectX kuanzia juu. Pindua picha yenyewe, basi.

Faili nimemrudishia ubavu wa kulia ukiwa mtupu, umepakwa nyeupe tu. Masizi nimemwachia ayapake mwenyewe, kwa kuwa mkono wake kwenye rangi ni mzuri kuliko wangu. Bado chini ya bawa la kushoto, ambako namba inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 50 au zaidi. Ramani ya mabawa tutaikata pamoja.