Siku moja kwenye matuta ya shule, Mbagala

Saa 11 alfajiri

Kabla sijasema na mtu nakwenda kufunua ndoo. Jana usiku nilitwanga majani ya mwarobaini nikayaloweka, na sasa harufu yake imejaa nyumba nzima. Nachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, naongeza sabuni ya mche niliyoikuna ili dawa ishike kwenye majani, namimina kwenye kidumu cha lita 5. Vidukari wameingia kwenye kunde za darasa la nne tangu wiki iliyopita. Watoto wameshaniuliza mara tatu, "Madam, dawa yetu lini?"

Saa 12 na dakika 10

Daladala kutoka Chamazi. Kidumu kiko katikati ya miguu yangu, nimekishika kwa mikono miwili. Ni mwisho wa Julai, asubuhi ina kibaridi, na mvua za masika tumeshazisahau. Kuanzia sasa mpaka vuli, kila jani litakalobaki hai bustanini litakuwa limenyweshwa na mikono ya watoto.

Saa 1 asubuhi

Ninafundisha Sayansi katika shule moja ya msingi huku Mbagala. Bustani sikupangiwa, niliiomba mwenyewe miaka miwili iliyopita. Ilikuwa mchanga mtupu nyuma ya madarasa, unamwaga maji yanazama kama umemwaga kwenye chekeche. Tumeujaza samadi ya kuku kutoka kwa jirani, majani makavu na maganda ya jikoni, tukageuza mboji wiki kwa wiki mpaka mchanga ukaanza kushika unyevu. Siku watoto walipokuta nyungunyungu wa kwanza walikuja kuniita mbio ofisini.

Leo nilichokikuta kwanza ni wavulana wawili wa darasa la nne wakilima tuta tupu, sare zimelowa jasho, na fimbo imeegeshwa ukutani. Wamechelewa shule. Mwalimu wa zamu amewapa adhabu ya kulima.

Hapa niseme kwa kirefu, maana ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii. Mimi mwenyewe nilikua nikilima kwa adhabu. Ukipiga kelele, jembe. Ukikosa hesabu, jembe. Nilimaliza darasa la saba nikijua kwamba shamba ni mahali pa mtoto mkosaji, na nilikaa miaka mingi mjini bila kutamani kupanda hata mche wa pilipili. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa mwaka 1967, ilitaka shule ziwe na mashamba, na ilitaka pia wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na matumizi ya mavuno yake. Hilo la pili ndilo tuliloliacha njiani. Tukabaki na jembe.

Nilimfuata mwenzangu, nikamwambia, "Kaka, naomba adhabu zako zisifike bustanini. Nikitoka darasani na watoto hawa hawa kuwafundisha ua, watakuwa wananiona mimi ndiye fimbo." Akanijibu kwamba kazi ni kazi, na kwamba watoto wa mjini wamezoea kudekezwa. Tumebishana bila kupandishiana sauti. Hakukubali moja kwa moja, ila amekubali hao wawili waje kwenye kipindi changu. Majembe nimeyarudisha stoo mimi mwenyewe.

Saa 2 na dakika 40

Kipindi cha maua ya maboga lazima kiwe asubuhi. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikikaribia adhuhuri limeshajifunga. Ukikipanga saa sita unawafundisha watoto vitambaa vilivyonyauka.

Tulipanda maboga mwezi wa tano, mvua ikielekea ukingoni. Sasa yametambaa mpaka kwenye uzio. Nikawaambia, "Tafuteni ua lenye kiboga kidogo shingoni." Kimya. Kisha magoti yote yakawa chini. Ua dume limesimama kwenye kikonyo chembamba kirefu, halina kitu nyuma yake. Ua jike kikonyo chake ni kifupi, na nyuma ya petali kuna kiboga kamili, kidogo kama gololi, hata kabla ya chavua kufika. Tumehesabu: madume 23, majike 3.

"Madam, mbona wanaume wengi hivyo?" aliuliza binti mmoja. Nikamrudishia swali darasa lote. Wamebishana kweli. Mmoja akasema labda mmea unaogopa nyuki watakosa njia. Sikumsahihisha haraka, maana mawazo yake yanaelekea mahali pazuri: madume hutangulia kuchanua na huwa mengi, na nyuki wanaozoea kuja kwao ndio hao hao watakaofika kwa jike.

Ua jike moja lilikuwa limefunikwa na majani, hakuna nyuki aliyelifikia. Nikamwita mmoja wa wale wavulana wawili. Nikamwonyesha: chuma ua dume, bandua petali, halafu pakaza chavua kwenye kitovu cha ua jike, taratibu, kama unavyompaka mtoto mafuta usoni. Mikono yake ilikuwa bado ina malengelenge mekundu ya jembe. Alipakaza kwa utaratibu ambao sijawahi kumwona nao kwenye daftari. Tukafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili tusipoteze ua hilo.

"Litakuwa boga?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Chavua ikikubali, kiboga kitavimba ndani ya siku chache. Isipokubali, kitageuka njano na kuanguka.

Saa 4 na nusu

Uji umekwisha, zamu ya darasa la kwanza. Wale wa mwaka jana walikuwa na tabia iliyonisumbua sana: kila siku wanafukua bamia waone kama imeota. Nikakemea, nikaweka vijiti, haikusaidia. Mwishowe nikaelewa kwamba wanauliza swali sahihi, ila mimi sijawapa mahali pa kuliulizia. Sasa kila tukipanda bamia tunaacha mstari mmoja pembeni unaoitwa "mbegu za kuchungulia". Kila siku mtoto mmoja anafukua mbegu moja tu, tunaiweka kwenye karatasi nyeupe, wote wanaichora.

Leo ni siku ya nne. Mbegu imepasuka na mzizi mweupe umepinda kwenda chini. Mtoto aliyeifukua amekataa katakata kuirudisha bila kuiomba radhi. Ameinama akainong'oneza. Mstari wa kweli, tangu tuanze mpango huu, hakuna aliyeugusa.

Saa 6 mchana

Siku ya kupika. Kikundi cha watoto 12, mama jikoni na mimi. Tumevuna mchicha uliopandwa wiki nne zilizopita, na msusa, yaani majani machanga ya maboga. Msusa una kazi yake: unavunja kikonyo, unavuta zile nyuzi za nje mpaka ziachane na jani, la sivyo utakwama kooni. Wavulana wameifanya kazi hii vizuri kuliko wasichana wengi ambao nyumbani huambulia kuosha vyombo tu. Mmoja amekaa kwenye mbuzi akakuna nazi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wakati tui linachemka ndipo ninapofundisha lishe, kwa sababu kila kitu kipo mbele ya macho. Kwa nini nazi? Kwa sababu kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kilichomo kwenye majani ya kijani, huingia mwilini vizuri kikiwa na mafuta. Kwa nini nimekamulia ndimu kwenye sahani? Vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Na chai ya rangi juu ya chakula inayazuia, kwa hiyo ikasubiri.

Mtoto mmoja amekula ugali akausogeza mchicha pembeni. Sikumlazimisha. Ameupanda, ameumwagilia, ameupika, na bado hataki. Ni haki yake. Kulisha kwa lazima ni jembe la adhabu kwa jina jingine.

Saa 8 mchana

Baba wa mwanafunzi wa darasa la nne amekuja. Ana hasira ya adabu. "Mwalimu, mwanangu anarudi sare imejaa udongo, na mtihani wa upimaji ndio huo unakuja." Nikamletea daftari la mtoto. Kurasa sita: urefu wa kunde kila Jumatatu kwa sentimita, grafu aliyoichora, na sentensi zake kuhusu vidukari zenye makosa mawili tu ya tahajia. Akasoma zote akiwa amesimama. Akasema ataniletea ovaroli kuukuu za kazini kwake, watoto wavae juu ya sare. Kuhusu mtihani hakusema tena, lakini wasiwasi wake naujua, na sina haki ya kuupuuza.

Saa 10 na nusu jioni

Sasa dawa ya mwarobaini. Tunapulizia jioni kwa sababu jua kali huiharibu upesi, na kwa sababu nyuki wameshaondoka kwenye maua. Watoto waliobaki ni saba. Wamegeuza majani ya kunde moja moja, maana vidukari hujificha chini ya jani, na ukipulizia juu tu umewaogesha bure. Yule mvulana wa boga alikuwepo, hakuwa zamu. Amekagua uzi mwekundu, akaniuliza kama ua lake limepata dawa. Nikamwambia hapana, limejifunga tangu mchana.

Saa 2 usiku

Nimesahihisha madaftari 41. Nimeloweka mbegu za bamia kwenye bakuli, kesho darasa la pili wanapanda, na nimehesabu nyingine sita kwa ajili ya mstari wa kuchungulia.